ER4SR au ER4XR? Zinatofautiana besi tu, ila hiyo besi ina mambo yake

Haya, kuna watu wanakaa wiki nzima wanavutana na nafsi zao kati ya iafoni mbili za Etymotic, ER4SR na ER4XR, na nawaelewa kabisa, maana ukizisoma kwenye karatasi hauoni cha kuchagua. Kampuni moja, zimetoka pamoja mwaka 2016, bei ileile ya dola 349 wakati zinatoka (kwa pesa ya Tanzania ya kipindi kile ni laki saba na nusu na ushee, hapo hujagusa usafiri wala ushuru), mwili wa chuma uleule, waya wa kuchomoa uleule, vipira vilevile vya kuchomeka sikioni, na ndani kispika kimoja tu kila upande. S inageuka X, basi. Sasa mtu anajiuliza, natoa hela yote hii, nikikosea herufi je?

Jibu fupi nalitoa hapahapa ili asiye na muda aende zake: tofauti ni besi, XR inayo zaidi kidogo, kama desibeli 3 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huko chini kabisa, na kwa wasikilizaji wengi wa muziki mi ningesema chukua XR. Ila sababu yangu sio ile inayosemwaga kila mahali kwamba XR ni ya wapenda besi na SR ni ya mafundi wa studio. Hiyo ni nusu ya habari, na inamfanya mtu achague kwa cheo anachotaka kujipa. Sababu yenyewe inahusu sikio linavyofanya kazi, voliumu unayosikilizia na vile unavyozivaa, kwa hiyo inabidi twende taratibu.

Kwanza ujue zinatoka wapi maana inaelezea tabia zake. Etymotic Research ilianzishwa 1983 na Mead Killion huko Illinois, Marekani, na huyu bwana alikuwa mtu wa masikio kabla ya kuwa mtu wa miziki, yaani vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri na vya kupimia usikivu. Iafoni zao za kupimia, ER-3A, zimetumika sana kwenye vyumba vya kupima masikio hospitalini. ER-4 ya kwanza ya muziki ikatoka 1991, kipindi ambacho kuchomeka kitu ndani kabisa ya tundu la sikio ili usikilize nyimbo ilikuwa ni habari ngeni. Ndo maana mpaka leo hizi iafoni zina tabia za kihospitali: zinaingia ndani kupita unavyotegemea, zinakuja na cheti cha vipimo kuonesha kushoto na kulia zinalingana, na kutengenezwa kwake kulifuata vipimo vya kinachofika kwenye kiwambo cha sikio. Nani atapenda nini, hilo lilikuwa swali la baadaye.

Kispika chake ni aina ya balansi amecha, teknolojia ya simu za zamani na vifaa vya kusaidia kusikia. Ndani kuna kijibamba chembamba cha chuma kimekaa katikati ya sumaku, umeme wa muziki ukipita kwenye koili kijibamba kinachezacheza, kinasukuma kiwambo kidogo sana na sauti inatokea kwenye kijibomba. Kinatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, na sikio likizibwa vizuri kinashuka mpaka besi ya chini bila shida. Hayo maneno "likizibwa vizuri" yashike, nitayarudia.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe. Watu wakisikia kwamba SR ni "flati" wanadhani maana yake grafu ya sauti yake, kuanzia besi mpaka sauti za juu, imenyooka kama rula, na wakiiona grafu yenyewe ina mlima mkubwa karibu na Hz 3000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu) wanashangaa. Huo mlima ni wako wewe. Sauti ya kawaida inayotoka nje ikifika kwenye sikio, lile ua la nje pamoja na mfereji vinaikuza kwenye masafa ya hapo Hz 3000, zaidi ya desibeli 10, na ubongo wako umezaliwa na umekua nao hauoni kama kuna kitu kimeongezwa. Ukichomeka iafoni ndani unaruka hiyo njia yote, kwa hiyo iafoni lazima ijitengenezee mlima wenyewe la sivyo waimbaji watasikika wako nyuma ya pazia. SR na XR zote zina huo mlima, unafanana karibu kila kitu. Kuanzia sauti za waimbaji kwenda juu, ukiambiwa hii ni "angavu zaidi" na ile "ina joto", ujue sehemu kubwa ni besi ya XR inabadilisha mizani ya kila kitu kilicho juu yake.

Kwenye besi ndo njia zinaachana. SR inanyooka tu mpaka chini. XR inaanza kupanda polepole chini ya Hz 200 hivi, inafika hizo desibeli 3 huko chini kabisa, na ikifika hapo inatulia. Ukitaka kujua ni vyombo gani vinaguswa: waya mzito kuliko yote wa gitaa la besi uko Hz 41, kiki ya dramu inapiga kati ya 50 na 100 hivi, ile besi ya amapiano iliyojaa kwenye bongo fleva za siku hizi inaishi hukohuko, na sauti ya mwanaume akiongea inaanzia kama 85. Kwa hiyo XR inagusa kiki, besi, na kwa mbali sana kifua cha mwimbaji mwanaume. Ganuni, udi, fidla na makofi ya taarabu haviguswi, ila vitaonekana vimerudi nyuma kidogo kwa sababu chini pamejaa.

Desibeli 3 ni nyingi au chache? Kwa nguvu ya umeme ni mara mbili, lakini sikio halihesabu hivo, kwa sauti za katikati unahitaji kama desibeli 10 ndo useme sasa imekuwa kubwa mara mbili. Ila huku chini sikio lina sheria tofauti, ongezeko dogo la besi linasikika kubwa kuliko ongezeko lilelile kwenye sauti za katikati. Kwa hiyo anayekwambia "desibeli 3 hausikii" anakosea, unasikia. Na anayekwambia XR ni iafoni ya besi naye anakosea, kama umezoea zile za kawaida za madukani zinazotikisa fuvu, XR utaiona ni ya kistaarabu mno, unaweza hata kudhani umeuziwa mbovu.

Hapa ndo nafika kwenye hoja yangu. Hizi iafoni zinazuia kelele za nje desibeli 35 mpaka 42 kwa mujibu wa kampuni, bila betri, bila zile teknolojia za kufuta kelele, ni kuziba tu, na ni kuziba kweli. Unakaa kwenye daladala na muungurumo wa injini unabaki kwa mbali. Matokeo yake huhitaji kupandisha voliumu kushindana na kelele, unasikiliza chini, na hiyo ni neema kwa masikio maana Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiwa kwenye desibeli 80 anaweza kusikiliza masaa 40 kwa wiki, ukipanda desibeli 3 tu masaa yanakatwa nusu, ukifika 90 umebakiwa na kama masaa manne kwa wiki nzima. Kwa hiyo kusikiliza chini ni akili.

Lakini sikio likisikiliza chini linapoteza besi kwanza. Hili lilipimwa zamani, watafiti Fletcher na Munson walilitoa mwaka 1933 huko Marekani: kadiri sauti inavyopungua, masafa ya chini yanafifia haraka kuliko ya katikati. Redio za zamani zilikuwa na swichi ya kuongeza besi ukisikiliza taratibu, ni kwa sababu hiyohiyo. Sasa unganisha: iafoni inayozuia kelele hivi inakufanya usikilize taratibu, na ukisikiliza taratibu besi inaondoka, kwa hiyo zile desibeli 3 za XR kwa sehemu kubwa zinarudisha tu kilichopotea. SR kwa voliumu ya chini itasikika nyembamba, na mtu akiisikia nyembamba anafanyaje? Anapandisha. Hapo umeshaharibu faida uliyonunulia.

Kuna na jambo la pili linasukuma upande uleule. Spika za kawaida chumbani zinapewa besi ya ziada na kuta, na mwili nao unaisikia kifuani na miguuni. Iafoni haina kifua wala ukuta. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walifanya tafiti nyingi za watu wanapenda sauti gani kwenye hedifoni na iafoni, na wengi walipendelea besi iliyozidi ile flati ya namna ya SR, tena kwa kiasi kinachopita hata cha XR. Kwa hiyo ukisikia XR inakupendeza zaidi usione aibu kwamba huna sikio la kitaalamu, kwenye hilo uko na watu wengi.

Ila yote haya hayana maana kama hujui kuzivaa, na mi naona hapa ndo watu wengi wanatupa hela. Vipira vya ngazi tatu vinatakiwa viingie ndani hasa, vipite kona ya mfereji. Lowesha kidogo kwa maji, peleka mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, sukuma taratibu huku mdomo uko wazi, ukisikia dunia imezimika ghafla umefika. Mara ya kwanza inaudhi, sitakudanganya, kuna watu hawazoei kabisa, hao wajaribu vipira vya sponji, na vikishindikana hata wakipewa bure wasizichukue, waende kampuni nyingine. Kutoa ndo kuwa makini zaidi: zungusha polepole huku ukivuta, usichomoe kwa kasi kwa sababu hewa imeshikwa mle ndani na kiwambo chako ndo kinachovutwa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mwanya mdogo tu pembeni ya kipira, hewa ikapita, besi inaweza kushuka desibeli 10 au zaidi. Sisi tunabishana kuhusu 3! Mtu kavaa XR vibaya anapata besi ndogo kuliko mwenzake aliyevaa SR vizuri, alafu anaenda kuwaambia watu XR haina kitu. Na ukivaa kwa juujuu kuna kingine, nafasi inayobaki kati ya iafoni na kiwambo inakuwa ndefu, mwangwi wa mle ndani unashuka mpaka kwenye masafa ya zile "sss" na "shh" za waimbaji, ndo unasikia zinachoma. Wengi wanaolalamika kwamba hizi iafoni ni kali ningewaambia wabadilishe saizi ya kipira kabla hawajabadilisha iafoni. Ukitaka kujihakikishia, ongea kidogo ukiwa umezivaa. Kama sauti yako inavuma kama uko ndani ya pipa, kuna nafasi ya kuingia bado.

Barabarani lakini ni hadithi nyingine. Ukitembea, kila kisigino kinagonga ndani ya kichwa, na waya ukisuguana na nguo unaleta mkwaruzo wake, ndo maana kunakuwa na kile kibanio cha shati, kitumie. Na tafadhali usivuke barabara ukiwa nazo, bodaboda hutaisikia mpaka iko mguuni. Hizi ni za kukaa.

Mtego mwingine ni kwenye kulinganisha. Ukibahatika kuzishika zote mbili, ukaziweka kwenye simu moja voliumu ileile, XR itashinda sekunde ya kwanza. Angalia namba: kwa volti 0.1 SR inatoa desibeli 96 na XR inatoa 98, zote omu 45 (omu ni kipimo cha impedansi, yaani ukinzani kwa umeme). Maana yake XR ina sauti kubwa zaidi kabla hata ya kuhesabu besi, na binadamu akisikilizishwa vitu viwili kimoja kikazidi sauti kidogo tu, anasema hicho kina "uhai zaidi", "kina detali zaidi". Kwa hiyo tafuta rekodi ya mtu anaongea peke yake bila muziki, shusha XR mpaka mtu asikike sawa na kwenye SR, ndo uweke nyimbo.

Swali la ampu, yaani kikuza sauti cha pembeni, linaulizwa sana nalo lina historia. ER4S ya zamani ilikuwa omu 100 na kwa kweli ilitaka kusukumwa, ndo Etymotic wakatoa ER4P ya omu 27 kwa ajili ya vifaa vya mfukoni, na kulikuwa na adapta ya omu 75 ya kuigeuza P isikike kama S. Huo ushauri wa "ER4 bila ampu ni bure" umebaki hewani mpaka leo. Kwa hizi mpya hesabu ni rahisi: volti 0.1 inakupa 96 kwenye SR, ukipata volti 1, ambayo vijiadapta vingi vya bei ndogo vya simu zisizo na tundu la iafoni vinaifikia, umeongeza desibeli 20, umefika 116, huko hakuna anayetakiwa kusikiliza. Hela ya ampu nunulia vipira na filta za akiba. Cha kuangalia tu ni kifaa chenye impedansi kubwa ya kutoa sauti, mfano mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) au ampu za zamani za nyumbani, kwa sababu kispika cha amecha impedansi yake inapanda kwenye masafa ya juu, na ukiiweka kwenye kifaa cha namna hiyo juu panazidi kung'aa. SR ikikutana na mikisa ya hivo itakuwa nyembamba zaidi ya ilivyotengenezwa.

Sasa tuseme uko Dar au Nairobi au hata Muscat, na unanunua bila kuzigusa, kwa sababu sidhani kama Kariakoo au Luthuli utakuta duka linakuruhusu kuchomeka SR na XR masikioni ujaribu, na hata kiafya sijui kama ningekubali. Kuna njia ya kujijua bila kutoa hata mia. Chukua iafoni nzuri uliyonayo, kwenye ikwalaiza ya simu, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu (Wavelet kwa Android inatosha), pandisha besi chini ya Hz 100 desibeli 3, na voliumu ya jumla ishushe desibeli 3 hizohizo ili muziki usipasuke. Kaa nayo siku kadhaa kwenye nyimbo zako za kila siku, alafu izime. Ukiona umepoteza kitu, we ni wa XR. Ukiona umepumua, we ni wa SR. Usitumie nyimbo za majaribio za watu wa hedifoni, tumia zako, maana ndo utakazosikiliza.

Mtu mjanja atauliza, kama ikwalaiza inaweza kufanya hivo, si ninunue yoyote tu? Karibu sawa. Kutoka XR kwenda SR unapunguza besi, ni salama na hakuna kinachoharibika. Kutoka SR kwenda XR unaongeza, inafanya kazi pia ila lazima ukumbuke kushusha voliumu ya jumla. Tatizo ni kwamba ikwalaiza haiendi na wewe kila mahali, leo unasikiliza kwenye simu, kesho kwenye TV ya gesti, keshokutwa kwenye kompyuta ya kazini iliyofungwafungwa na watu wa IT. Sauti iliyo ndani ya kispika inakufuata.

Nani basi achukue SR? Anayerekodi au kukata sauti za podikasti, matangazo, mawaidha, kaswida, yaani kazi ambayo anayeongea ndo kila kitu na unatafuta pumzi, mikwaruzo na mlio wa feni. Besi ndogo inafanya hivo vitu vikae mbele. Anayesikiliza taarabu ya zamani, muziki wa dansi wa miaka ya 70 uliorekodiwa redioni, kwaya, Kurani, huko chini hakuna kitu cha maana cha kupandishwa, wakati mwingine XR inapandisha muungurumo wa mashine ya kurekodia tu. Na anayemix muziki, japo huyu nitamwambia asimalizie besi kwenye iafoni yoyote, aende akasikilize kwenye spika na kwenye gari pia. Waliobaki, wa bongo fleva, hip hop, amapiano, rege, singeli, gospo ya kisasa, wanaosikiliza ofisini na safarini kwa sauti ya chini, ni XR na wasiangalie nyuma.

Ukipata zilizokwishatumika kwa bei nzuri, usianze kwa kusikiliza besi. Filta ndogo zilizoko mbele huziba kwa nta ya masikio, upande mmoja unafifia, juu panakufa, na mwenye nazo anadhani kispika kimekwisha na anaziuza kwa hasira. Weka rekodi ya mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, sikiliza kama sauti iko katikati ya kichwa au imeegemea, kisha geuza ya kushoto uvae kulia. Kama uegemevu unahama na iafoni, badilisha filta zote mbili kwanza ndo uongee bei. Kama umebaki palepale, hiyo haihusiani na muuzaji, ni sikio lako au kipira hakijakaa.